Kanga ya Bibi Kwenye Mita Sitini za Mwisho

Picha ile imewafikia wote. Najua, kwa sababu tangu nishuke kwenye lori hapa Kinole kila ninayekutana naye njiani ananiambia, "Mwantumu, tumekuona na mgeni rasmi, ulipendeza." Nilipendeza kweli, sikatai. Lakini mmeanza kuniuliza mbona nimerudi nimenyamaza, mimi ambaye kwa kawaida mnaniomba ninyamaze. Kila nikianza kusimulia, mmoja ananipa pole, mwingine ananipa hongera, na simulizi inaishia hapo. Basi nimechukua daftari la mdogo wangu, nimekaa kwenye ngazi za jikoni, nawaandikia yote. Pasianeni.

Kwanza mjue nilichokifuata. Nilikwenda Dodoma kufuata muda, basi. Kambi ya timu ya taifa, kwa sisi wakimbiaji wa mkono mmoja, inamwita msichana wa mita elfu moja na mia tano akiwa amekimbia chini ya dakika tano, na muda huo uwe umepimwa na waamuzi kwenye mashindano yanayotambulika. Hapa nyumbani, kwenye uwanja wa shule ambao upande mmoja umeinama kama paa, nilikuwa nimefika dakika tano na sekunde tatu kwa saa ya Mwalimu Kobelo. Mwalimu alisema kwenye tambarare sekunde tatu hizo zitadondoka zenyewe. Mimi nilikuwa nimeshazidondosha, nimeshaingia kambini, nimeshapanda ndege, na nimeshawaletea nyote zawadi. Mnanijua.

Kinole hadi mjini

Tulishuka na lori la ndizi na mafenesi la Chande, mimi na Mwalimu. Mbele kwa dereva alikuwa amekaa mama mjamzito anayekwenda kliniki, tumbo limefika kwenye dashibodi. Chande aliponiona akafungua mlango.

"Mama, samahani, teremka kidogo. Huyu binti ni mlemavu, akae yeye."

Yule mama akatazama mkono wangu wa kushoto, unapoishia kwenye kiwiko, akaanza kujivuta ashuke. Hata hakunung'unika.

"Mama, kaa," nikasema. "Mimi napanda juu."

"Utapandaje?" Chande akauliza.

"Nitapanda kama ninavyopanda mikarafuu yenu msimu wa kuchuma. Siku hiyo huwa hamniulizi."

Watu wa juu wakacheka, isipokuwa baba mmoja mwenye kapu la pilipili manga. "Mkaidi huyu," akasema. "Akianguka, lawama kwa dereva." Na njia nzima hadi Mkuyuni alinishika nguo yangu kwa nyuma, ngumi imekaza, kama mtu anayeshika mbuzi asikimbie. Nilimwacha. Alikuwa na nia njema, na mimi watu wenye nia njema hunishinda nguvu. Hilo likumbukeni mkisoma huko mbele, litanitetea kidogo.

Kabla ya Mkuyuni lori likanasa kwenye tope. Wanaume wakashuka kusukuma, nami nikashuka.

"Wewe lindia mizigo," wakaniambia.

Nani aibe fenesi katikati ya msitu? Nikaenda nyuma nikaweka bega. Tulisukuma saa nzima na ushee, tope likatupaka hadi kwenye nyusi, na lori lilipotoka Mwalimu akanifuta uso kwa leso yake. "Usijichoshe," akasema. "Miguu hiyo siyo yako mpaka keshokutwa."

Mwalimu ndivyo alivyo. Sijawahi kumsikia akinipa pole. Nikikimbia vibaya ananiambia nimekimbia vibaya.

Mwembesongo, kwa shangazi

Shangazi Hadija anauza chapati na maharage karibu na nyumba yake pale Mwembesongo. Tulifika tukakuta amepika wali wa nazi, mchicha na dagaa, na ukumbini wamekaa majirani kama kumi. Nikawaamkia wote, shikamoo moja baada ya nyingine, nikifikiri wamekuja kula. Kumbe wamekuja kuniona. Shangazi alikuwa ameutangazia mtaa kwamba mtoto wa kaka yake anapelekwa Dodoma kusaidiwa.

Kwenye kona kulikuwa na mfuko wa salfeti umejaa nguo. Gauni, sweta, viatu vya mchuchumio ambavyo sijui ningevivaa wapi huku kwetu. Majirani walikuwa wamechanga.

Mzee mmoja, fundi cherehani, akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo watakupa mkono wa bandia?"

"Hapana, babu. Nakwenda kukimbia."

"Ukishakimbia ndiyo watakupa?"

"Hawatoi mkono, babu. Ni mashindano. Nikikimbia vizuri naitwa timu ya taifa."

Akatikisa kichwa, akafikiri sana. "Haya. Na huko taifa ndiko wanakotoa."

Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Shangazi alinipiga mgongoni, na baada ya majirani kwenda alinikalisha mkekani akanishika mkono, akasema neno ambalo wakati ule nililichekea pia.

"Mwanangu, ukifika pale usikimbie sana. Ukikimbia sana wataona huna shida."

Alisema kwa mapenzi, machozi yanamlengalenga. Ule mfuko wa nguo nikaubeba. Ningeuachaje?

Mwembesongo hadi Dakawa

Kesho yake asubuhi koasta ya timu ya mkoa ilitupitia. Tulikuwa watu kumi na wanne. Nitawatajia mmoja tu, Kaka Mbwana, anayerusha mkuki akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kifua kama mlango wa godauni na mdomo usiofungwa. Tulisimamishwa na askari wa barabarani kabla hata hatujauacha mji vizuri. Akachungulia ndani, akatutazama mmoja mmoja, sauti ikalegea.

"Dereva, wagonjwa hawa unawapeleka hospitali gani?"

"Hospitali ya mkuki, afande," Kaka Mbwana akajibu. "Nakwenda kuchoma watu sindano za mita thelathini."

Gari zima likaangua kicheko. Askari hakucheka. Akamwambia dereva aende taratibu, amebeba watu wa Mungu, na hakukagua hata leseni.

Dakawa tulipaswa kumchukua mtu mmoja tu na kuendelea. Tukakaa saa tano. Mkanda wa injini ulikatika, dereva akapanda bodaboda kurudi mjini kutafuta mwingine. Tukashuka tukakaa kwa mama ntilie mmoja kando ya barabara, tukala wali mpya wa pale pale na perege wa kukaanga, na jamani, wali wa Dakawa ukiwa mpya hauhitaji mboga. Niliagiza sahani mbili. Mwalimu alinihesabia kijiko kwa kijiko mpaka akaninyang'anya ya pili.

Huyo mtu tuliyekuja kumchukua alikuja kwa miguu, akitokea mashambani, ana debe bovu mgongoni. Siwema. Kazi yake ni kufukuza ndege kwenye mpunga, anapiga debe na kukimbia kwenye matuta kutwa nzima. Mkono wake wa kulia uliliwa na mashine ya kupukuchua mpunga akiwa na miaka kumi na miwili, umetoka wote begani. Alikuwa mrefu, mwembamba, macho makavu. Akanitazama kuanzia miguu, hakuutazama mkono.

"Wewe ndiye wa Kinole?"

"Ndiye."

"Nimesikia habari zako. Wanasema unakimbia vizuri ukiwa unateremka."

"Na wewe nimesikia unakimbia vizuri ukifukuzwa na kwelea kwelea."

"Nawafukuza mimi, dada. Huku hakuna kilima cha kukusukuma. Utaniona visigino."

"Nitavionea wapi, nikiwa mbele?"

Kaka Mbwana akapiga makofi juu ya mapaja yake. Mimi moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunitambia hivyo. Shuleni mkinishindanisha na wazima nikishinda walisema wamenihurumia, nikishindwa walisema nimejitahidi. Huyu alikuwa anataka kunishinda, na hakuficha.

Dakawa hadi Dodoma

Tuliondoka jua limeshaanza kushuka. Mimi na Siwema tulikaa kiti kimoja, mimi dirishani, yeye upande wa njia, tukagundua kwamba mkono wangu wa kulia na wake wa kushoto inatosha kumenya chungwa moja bila shida. Hatukuzungumza mengine. Kila mmoja alikuwa anazikimbia mbio zake kichwani. Gairo tukala viazi na mishikaki, yeye akala kidogo kuliko mimi, nikaogopa.

Kabla ya kusinzia aliniambia kitu kimoja. "Mimi nikipata muda ule, naacha debe. Kambini unakula, unalala, unakimbia. Hufukuzi ndege wa mtu."

"Na mimi nikipata?"

"Wanaweza kutuita wote wawili, wenye muda. Lakini mimi nataka niingie nikiwa wa kwanza."

Tulilala kwenye bweni la shule moja pembeni ya mji, magodoro chini, upepo mkavu unapuliza vumbi kwenye nyufa za dirisha. Sikuwahi kulala fofofo hivyo.

Uwanjani

Ratiba ilisema mita elfu moja na mia tano wanawake ni saa mbili na nusu asubuhi, jua halijakomaa. Tukapasha misuli saa mbili. Saa tatu tukaambiwa mgeni rasmi hajafika. Saa nne akafika, zikaanza hotuba. Saa tano ikaja ngoma, halafu kuvuta kamba baina ya watumishi wa ofisi, na wao walipimiwa kwa filimbi na bendera na wakagombana sana juu ya mstari. Saa sita na robo, jua liko utosini, mtangazaji akashika kipaza sauti.

"Na sasa, ndugu wananchi, kabla ya chakula, tuwapishe ndugu zetu hawa wenye mahitaji maalumu watuburudishe. Hapa hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Wote hawa ni washindi. Tuwapigie makofi."

Siwema alitema mate pembeni. "Kama wote ni washindi, mimi nimekuja kufanya nini?"

Mwalimu alitaka kusimama ndani ya uzio aniitie muda wa kila mzunguko. Kijana wa ulinzi akamwambia wasaidizi wa walemavu wakae kwenye hema. Akaenda kusimama nje ya uzio, mbali, saa yake mkononi. Mimi niliona meza ya waamuzi, nikaona mtu amevaa saa shingoni, nikatulia.

Tulikuwa sita. Filimbi ikalia. Nitawaambia ukweli bila kujisifu: sijawahi kukimbia vile. Siwema alishika mbele mizunguko miwili, mimi nyuma yake, pumzi yangu kwenye mgongo wake. Wale wanne tuliwaacha mapema. Mzunguko wa tatu nikajaribu kumpita, akaongeza. Nikajaribu tena, akaongeza tena, nusura anikanyage makusudi, nami nikamsukuma kidogo kwa bega. Nilikuwa nacheka huku nakimbia. Koo limekauka kama pumba, kifua kinaungua, nacheka. Kwenye kona ya mwisho nikampita. Nilisikia akisema "aah", sauti ya mtu aliyeibiwa.

Zimebaki mita sitini. Mbele yangu mstari wa chokaa, utepe mwekundu, na sina mtu.

Hapo ndipo yule bibi akatoka.

Alitoka kwenye kundi la akina mama wa ngoma, mdogo wa mwili, amepinda kidogo, vigelegele vinamtoka. Akavua kanga yake mabegani, akaitandaza mbele yangu kwenye njia yangu, akaninyooshea mikono miwili. Wengine wawili nyuma yake wakaanza kuvua zao.

Nyie mnajua sisi tumelelewaje. Toka utotoni tumeona maharusi wakitandikiwa kanga, tumeona mahujaji wakirudi wakitandikiwa. Mtu aliyetandikiwa kanga hakimbii. Anapita juu yake polepole, anainama, anaamkia, ndiyo anakuwa amepokea heshima aliyopewa. Anayeiruka ni kama amemtemea mwenye kanga usoni. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno, miguu yenyewe inajua.

Miguu yangu ilijua. Ilipunguza mwendo kabla sijaiamuru. Nilikanyaga kanga ile kwa hatua za bi harusi, moja, mbili, tatu, nikainama. Nikasema, "Shikamoo bibi." Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Marahaba mwanangu, maskini, Mungu amekuona."

Siwema aliruka. Nilisikia upepo wake. Aliiruka kanga ya kwanza na ya pili iliyokuwa inatandazwa, na akakata utepe peke yake, na uwanja mzima ukaguna.

Nilipokimbia tena ilikuwa kama kukimbia kwenye ndoto. Nikamaliza.

Meza ya waamuzi

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mwenye saa shingoni. Siwema alikuwa ameshafika, ameinama, anahema.

"Kaka, nimepata ngapi?" akauliza yeye.

"Ngapi nini?"

"Muda. Mimi muda gani, na huyu muda gani."

Yule kaka akatutazama kwa uso mwema kabisa. Sina ubaya naye, angekuwa na uso mbaya ingenisaidia. "Wadogo zangu, nyie hatukuwapimia. Yenu ilikuwa ya kuhamasisha. Hizi saa tunazitunza kwa fainali za jioni." Akatafuta la kutufurahisha. "Lakini mmekimbia vizuri sana. Mpaka mgeni rasmi ametokwa machozi."

Siwema akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Tuliitwa mbele. Kila mmoja wetu sita akapewa cheti kinachofanana, kimeandikwa "ameshiriki kikamilifu", na medali inayofanana. Halafu mtangazaji akasema kuna zawadi ya nidhamu, doti ya kanga, kwa binti aliyeonyesha malezi bora, akasimama katikati ya mbio kumheshimu mzee. Uwanja ukalipuka. Mgeni rasmi akanivisha kanga mabegani, akanikumbatia, wakapiga ile picha. Siwema alipokwenda kuchukua cheti chake watu waliguna tena. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye aliyeruka kanga ya bibi. Kilema na kiburi."

Aliyeshinda mbio akazomewa, na mimi niliyetembea nikashangiliwa. Nilisimama pale na kanga mabegani, natabasamu. Picha inaonyesha natabasamu. Hicho ndicho kinachoniuma nikiiangalia, kwamba natabasamu kweli.

Mwalimu alizungumza na waandaaji hadi sauti ikamkauka. Wakamwambia bila muda hawawezi kupeleka jina kambini, utaratibu ni utaratibu. Akawaambia muda hamkupima nyinyi. Wakasema wanaelewa, watalichukua, kuna mashindano mengine mwakani Mungu akipenda. Kaka Mbwana, ambaye mkuki wake ulipimwa kwa hatua za mtu badala ya futi ya kupimia, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Jioni tulikaa kwenye uzio kutazama fainali za wazima. Bibi mmoja alijaribu kuingia kuokota chupa ya maji iliyodondoka. Walinzi watatu walimkimbilia. "Bibi, mashindano hayo, utaumizwa." Wakamtoa. Hakuna aliyeona ajabu.

Dodoma kurudi Dakawa

Kwenye koasta nilikaa kando ya Siwema, akahama. Nikamfuata kiti cha nyuma.

"Unanikasirikia kwa lipi?" nikamwambia. "Si umeshinda?"

"Nimemshinda nani?"

Nikaikunja upya ile kanga ya zawadi.

"Nakuuliza, Mwantumu. Ulikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimebakiza pumzi moja ya kukufuata, nilikuwa naitoa. Ukasimama."

"Sikusimama. Nilitembea. Bibi alikuwa ametandika kanga, ningefanyaje?"

"Ungekuwa unakimbia na wazima, ungetembea?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikafikiri. Ningekuwa nakimbia na wazima bibi asingeingia, hilo moja. Lakini angeingia? Ningeruka. Ningemwomba radhi baadaye, ningemfuata hadi kwake, lakini ningeruka. Nilitembea kwa sababu mahali fulani ndani yangu, chini kabisa, na mimi niliamini tumeletwa pale kuburudisha watu kabla ya chakula.

"Watu wananiachia," Siwema akasema, anatazama nje. "Kwenye foleni, kisimani, popote. Wananipisha. Mimi nikapata mtu mmoja wa kushindana naye, nikalala usiku nafikiria namna ya kumshinda. Na wewe ukanipisha."

Nimesoma darasa la saba tu, na sijui waandishi wanasemaje mtu anapoambiwa ukweli namna hiyo. Mimi nililia. Siwema hakunibembeleza, na nilimshukuru.

Mwalimu alikuwa kiti cha mbele yetu. Hakugeuka. "Ilipofika kanga," akasema, "saa yangu ilikuwa dakika nne na sekunde arobaini na nne." Akaitazama tena saa yenyewe. "Mngeingia wote wawili chini ya tano. Sikutaka kukwambia. Lakini ni haki yako kujua."

Dakawa tulifika kabla ya saa sita mchana. Siwema akachukua debe lake chini ya kiti, akashuka bila kuaga. Gari likaanza kuondoka. Nikamwambia dereva asimame. Wenzangu wakafikiri nimesahau mzigo. Mwalimu alichukua begi langu na ule mfuko wa nguo za Mwembesongo akashuka nyuma yangu, na koasta ikatuacha.

Nilimkuta ameshaingia njia ya mfereji.

"Siwema. Kutoka hapa geti la maji mpaka wapi ni elfu moja na mia tano?"

Akanitazama sana. "Mpaka daraja la pili, na zaidi kidogo."

"Twende."

"Una miguu ya jana."

"Na wewe una ya jana."

Akaweka debe chini. Mwalimu alitangulia kwa bodaboda akasimame darajani, na kabla hajaondoka akavua saa yake ya kupimia akaitia mfukoni. Muda wa pale hakuna wa kumpelekea, akasema, yeye atatazama tu nani anatangulia. Hapakuwa na mtangazaji. Kulikuwa na wafukuza ndege wawili watatu kwenye mpunga, na mama anafua mferejini, akatuambia tusimtimulie vumbi kwenye nguo zake.

Tulikimbia. Njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja maji, upande mwingine matope. Nilimbana, akanibana. Kwenye daraja la kwanza alinipiga kiwiko na sikumwonea haya, nikampiga. Nilitangulia, akatangulia, nikatangulia tena. Zilipobaki hatua kama mia nilitoa kila nilichonacho, na nilichokiacha Dodoma nikakitoa pia, na nikamwona anapita upande wangu wa kushoto, taratibu kabisa, kama mtu anayefungua mlango. Nilimfukuza. Sikumfikia. Alinizidi hatua mbili.

Tulianguka wote kwenye majani. Mguu wangu ulikuwa unatoka damu. Mwalimu alikuja akasimama juu yetu, akajikohoza, akatangaza kwa sauti ya uwanjani, ingawa tulikuwa watatu tu pale na ndege.

"Wa kwanza, Siwema. Wa pili, Mwantumu."

Hakunipa pole. Siwema naye hakunipa. Alijilaza chali anacheka peke yake, na mimi nilikaa nimekunja magoti, nina hasira mpaka meno yananiuma, nahesabu ni wapi hasa nilipompa nafasi ya kupita.